Kwenda Ulaya Kusoma Sheria: Ni Haki ya Nani Itanguliayo?

Tumeulizwa swali na kijana wa mji huu wa Mombasa, ambaye amekwisha kuwa wakili na jina lake limo katika daftari la mawakili wa Kenya. Amekubaliwa na chuo kimoja cha Uingereza akasome digrii ya pili ya sheria, walakini hakupata wa kumlipia. Babake amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ameacha nyumba moja Mji wa Kale ambayo mpaka leo haijagawanywa, na ndani yake wanakaa mamake na dada zake wawili. Mjomba wake amemshauri nyumba iuzwe aende akasome, na akirudi atawajengea iliyo bora. Majirani nao wamemwambia kuwa mamake hairidhii safari hiyo, na asiyekuwa na radhi za mzazi hafaulu. Yeye ataka kujua, aende au asiende?

Hatuwezi kumjibu kwa neno moja, kwani ndani ya swali lake mna maswali mengine, na yaliyo mazito si yale aliyoyauliza.

Yafaa kwanza tuijue digrii hii ni kitu gani, maana wengi katika mji wetu huisikia wasiijue. Katika nchi hii mtu huwa wakili kwa kusoma digrii ya kwanza ya sheria, kisha mafunzo ya uwakili, kisha kufanya kazi kwa muda chini ya wakili aliyemtangulia, ndipo akaapishwa. Digrii ya pili haimo katika masharti hayo. Wala haimpi peke yake ruhusa ya kusimama kortini, si huku wala si huko aliko­isoma. Uingereza husomwa kwa kadiri ya mwaka mmoja. Na hapa kwetu Chuo Kikuu cha Nairobi, ambacho kimekuwa na kitivo cha sheria tangu mwaka 1970, pia chaifundisha. Basi mwenye kwenda mbali kwa ajili ya jina tu, ili arusini atajwe kwa London kabla ya kutajwa kwa babake, huyo amenunua jina kwa bei ghali, na hatuna la kumwambia zaidi.

Lakini si kila aendaye huenda kwa jina. Imamu wetu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo tuyafuatayo katika pwani hii, alikwisha kusoma kwa Imamu Malik huko Madina. Elimu hiyo ingemtosha mtu yeyote. Juu ya hivyo alipofika Iraki alikaa na Muhammad bin Hasan al-Shaybani, mwanafunzi wa Abu Hanifa, akavisoma vitabu vyake na akajadiliana naye. Hakuiacha njia yake kwa sababu ya kuijua njia ya mwenziwe. Bali aliijua yake zaidi.

Na katika zama zilizo karibu nasi yuko Mmisri Abdul-Razzaq al-Sanhuri, aliyesoma sheria za Kifaransa katika mji wa Lyon akarudi kwao mwaka 1926. Huyu ndiye aliyekuwa mkubwa wa kuitunga sheria ya madai ya Misri iliyopitishwa mwaka 1948. Katika kifungu chake cha kwanza, hakimu asipopata nassi ya sheria wala desturi, huamrishwa arejee kwenye misingi ya Sharia ya Kiislamu. Wako maulamaa waliomlaumu kwa kuiweka Sharia daraja ya tatu, na lawama hiyo ina uzito wake. Lakini nasi twauliza, je, ni wangapi miongoni mwa waliomlaumu waliokuwa wakiijua sheria ya Kifaransa kiasi cha kuweza kusimama mbele yake na kumshinda kwa hoja? Kalamu hushikwa na aijuaye kazi, na asiyeijua hubaki kunung'unika barazani.

Mfano mwingine ni Sheikh Muhammad Mustafa al-Azami, ambaye baada ya Deoband na Azhar alikwenda Cambridge akapata udaktari mwaka 1966. Mzungu Joseph Schacht alikuwa ametoa kitabu mwaka 1950 cha kutia shaka asili ya Hadithi za hukumu. Al-Azami alimjibu kwa lugha yake na kwa njia zake, na mwaka 1985 akatoa kitabu kizima cha kumrudi. Jibu kama lile lisingeweza kutoka kwa mtu ambaye hakupata kukaa katika madarasa yao.

Kwa hivyo safari yenyewe haina aibu, na wale wazee waionao kuwa ni mlango wa kupotea wanakosea. Lililobaki ni kumuuliza kijana: waenda kusoma nini? Imamu Ghazali alilalamika katika zama zake kuwa watu wamejazana katika elimu ya fikihi na mijadala, na hali miji mingine haina hata tabibu Mwislamu. Elimu ambayo ni fardhi kifaya, wakiisoma wanaotosha, dhima huwaondokea wengine. Wasipoisoma wanaotosha, mji mzima una deni. Basi na tuutazame mji wetu. Mawakili wa mirathi na talaka tunao, na Mahakama za Kadhi, ambazo Katiba ya 2010 imezitaja katika kifungu cha 170, hazihitaji mtu wa kutoka London kuzifundisha mirathi. Lakini sisi ni watu wa bahari. Chakula cha Mombasa chatoka bandarini. Na meli inapogongana na nyingine, au shehena inapoharibika, au baharia wetu anapoachwa bandari ya ugeni bila ya mshahara, ni wangapi miongoni mwa wana wa pwani wawezao kuisoma sheria inayohusika?

Tarehe 12 Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamua mpaka wa bahari baina ya Kenya na Somalia, na sehemu kubwa ya hukumu ilikwenda upande wa Somalia. Serikali yetu ilikuwa imejitoa katika kusikilizwa kwa kesi hiyo, kisha ikaikataa hukumu. Hayo ni mambo ya dola. Lakini mwenye kuvua katika maji hayo ni mtu wa Lamu, na mstari uliochorwa umechorwa kwa elimu ambayo kwetu ni haba mno. Na mahali pa kuisoma papo: kisiwani Malta kuna chuo cha sheria za bahari kilichoanzishwa mwaka 1988 chini ya shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, ambacho hutoa digrii hiyo hiyo ya pili. Twashangaa kuwa vijana wetu walijua jina la kila chuo cha London na hawalijui hilo.

Wala tusivuke mpaka katika kusifu elimu ya ng'ambo. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kuwa wavuvi wa Lamu kadiri ya 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kudhuriwa na ujenzi wa bandari mpya. Kesi ile ilisimama khasa juu ya Katiba yetu wenyewe: haki ya mazingira safi, haki ya mila, na haki ya kushauriwa. Wakili wa kesi kama hiyo atafaidika zaidi kwa kukaa miezi sita Lamu na wavuvi kuliko kukaa mwaka mzima Uingereza.

Sasa twende kwenye nyumba, na hapa ndipo tunapotaka kijana atusikilize vizuri. Mjomba anaizungumza nyumba ile kama kwamba ni mali ya mtoto wa kiume. Hesabu yake ni hii: mama ana thumni, kinachobaki, mwana wa kiume apata mafungu mawili na kila binti fungu moja. Ukiigawanya nyumba mafungu 32, mama ana 4, kijana ana 14, na kila dada ana 7. Maana yake mafungu 18 katika hayo si yake. Akiiuza na kuzipeleka fedha zote chuoni, hakulipiwa na marehemu babake. Amelipiwa na mjane na mabinti wawili ambao hapana aliyewauliza. Na lau wataulizwa, yataka waulizwe kwa namna ambayo wanaweza kusema la. Binti anayeambiwa mbele ya wajomba wanne, "Je, hutaki nduguyo asome?" huyo hakuulizwa kitu. Ahadi ya kujenga iliyo bora ni maneno. Na nyumba iliyouzwa Mji wa Kale hairudi kwa bei ya jana.

Fungu lake mwenyewe ni lake, akitaka aliuze, bora awape kwanza dada zake na mamake nafasi ya kulinunua. Na mkopo wa benki wenye riba hatuna haja ya kuuzungumza.

Ama khabari ya radhi, majirani wamechanganya mambo. Maulamaa wa madhehebu yetu wamesema kuwa mwenye kusafiri kwa elimu ya fardhi kifaya, ikiwa njia ina amani na elimu hiyo haipati alipo, kauli iliyo sahihi ni kuwa mzazi hana haki ya kumzuia. Twalitaja hili kwa sababu radhi imefanywa katika mji wetu kamba ya kuwafungia vijana, na mara nyingi anayeivuta si mama bali ni jirani. Lakini maulamaa hao hao wamesema kuwa mwenye kuwajibika kumlisha mzazi hana ruhusa ya kuondoka akamwacha bila ya masurufu, wala mwenye deni lililofika muda hasafiri ila kwa ruhusa ya anayemdai. Ama dada, kwa madhehebu ya Shafi haimlazimu kaka kuwalisha. Lakini sijapata kumwona muungwana aliyeishika hoja hiyo akasimama nayo mbele za watu.

Iliyobaki ni njia ya ufadhili, nayo ndiyo tumpendekezeayo. Ufadhili wa Serikali ya Uingereza uitwao Chevening, ulioanza mwaka 1983, humshurutisha mwanafunzi arudi kwao akae si chini ya miaka miwili. Sharti hilo ni mkataba, na Mwislamu ameamrishwa kutimiza mikataba, awe amefuatwa na mtu au hakufuatwa. Wako waliolitia saini na huku moyoni wamekwisha kuazimia kubaki. Huko ni kula mali ya watu kwa hila, na jina zuri la elimu haliisafishi.

Basi kijana wetu akiandikie chuo chake aulize kama chaweza kumwekea nafasi hiyo mpaka mwaka ujao, kwani vyuo vingine huruhusu, na katika muda huo aombe ufadhili na aitazame Malta. Na wakati huo huo mirathi ya marehemu ipelekwe kwa Kadhi ikagawanywe, jambo ambalo lilipasa kufanywa tangu matanga yalipokwisha.