Kengele za Orchid View

Nyumba ya wazee ya Orchid View ilifunguliwa mwaka 2009 huko Copthorne, kusini mwa Uingereza. Ilipendeza hata ikafananishwa na hoteli ya nyota tano. Mwaka 2010 wakaguzi wa serikali wakaipa alama ya "nzuri". Nani kati yetu, akiwa amechoka kumuuguza mzazi huku kazi zinamsubiri, angeendelea kuuliza maswali? Mimi mwenyewe huenda ningetia saini siku hiyo hiyo.

Oktoba 2011 nyumba ikafungwa. Miaka 2 baadaye Penelope Schofield, afisa wa kisheria wa kuchunguza vifo, alisikiliza habari za wazee 19 walioishi pale kisha wakafariki. Akaona kwamba wote 19 hawakupata matunzo yanayostahili, na kwamba kwa 5 kati yao uzembe ulichangia kifo. Lawama aliianzisha juu, kwa uongozi: nyumba iliendeshwa vibaya, wafanyakazi hawakutosha, na hakuna aliyechukua hatua.

Dalili zilikuwapo, tena si za kufichika. Wazee walibonyeza kengele wakakaa muda mrefu bila mtu kuja. Wengine kengele yenyewe iliachwa mahali ambapo mkono haufiki. Tusikimbilie kusema muuguzi ana roho mbaya. Muuguzi mmoja akiachiwa wazee wengi kupita kiasi, atamhudumia huyu na yule atamkosa, hata awe na huruma kiasi gani. Idadi ya watu wa zamu haipangwi na yeye, inapangwa ofisini. Ndugu zetu wanaofanya kazi ya kulea wazee ughaibuni wanazijua zamu za namna hiyo.

Kisha kuna habari ya bibi mmoja wa miaka 77. Alipewa dawa ya kuzuia damu isigande, mara tatu ya kipimo alichoandikiwa. Ilipobidi apelekwe hospitali, karani wa ofisi akaagizwa aziharibu karatasi zilizoonyesha dawa alizopewa. Hapo ndipo ninapotetemeka zaidi. Kosa la kipimo laweza kutokea popote, lakini mkuu anayeamuru ushahidi uchanwe ameshachagua kulinda jina la nyumba kuliko uhai wa mzee. Karani huyo ndiye baadaye aliyekwenda polisi.

Ndugu msomaji, ukitafuta mahali pa kumweka mzazi wako, iwe Nairobi, Dar es Salaam au London, usitosheke na kapeti na cheti kilichotundikwa ukutani. Nenda jioni bila kutoa taarifa. Uliza usiku wa leo wako wauguzi wangapi, kwa wazee wangapi. Omba kuona karatasi ya dawa. Bonyeza kengele iliyo kando ya kitanda, kisha kaa usubiri uone nani atakuja, na baada ya muda gani.