Mjumbe na Kimya Chake

Mwezi Septemba 2025 ilipotufikia habari kwamba Askofu Mkuu Novatus Rugambwa amefariki dunia, sisi Waswahili wachache tunaosali pamoja hapa Johannesburg tulimwombea baada ya misa, kisha tukabaki ukumbini tukinywa chai. Wahaya waliokuwepo walisimulia kwa fahari, na nani angewalaumu? Mtoto wa Bukoba, aliyezaliwa mwaka 1957, alikuwa amemwakilisha Baba Mtakatifu kutoka Luanda hadi Wellington.

Ndipo kijana mmoja, mzaliwa wa hapahapa Jozi, akasema, "Shikamooni wazee. Samahani, naomba kuuliza. Huyu marehemu alikuwa akisema nini?"

Tukatazamana. Hakuna aliyeweza kukumbuka hata sentensi moja.

Swali halikuwa la utovu wa heshima. Kijana amekulia katika nchi ambayo maaskofu hukumbukwa kwa maneno yao. Desmond Tutu alisema. Denis Hurley, Askofu Mkuu Katoliki wa Durban, alisema mpaka akafikishwa mahakamani kwa kuyataja hadharani maovu ya kikosi cha Koevoet kule Namibia, na kesi ikaanguka Februari 1985. Mwaka 1957, ule ule aliozaliwa marehemu, maaskofu Wakatoliki wa Afrika Kusini walitamka kwamba ubaguzi wa rangi ni uovu kwa asili yake. Kwa kipimo hicho, mtu aliyetumikia zaidi ya miaka 30 bila umma kumkumbuka kwa neno lolote anaonekana kama hakuwepo.

Tulimjibu kijana kwamba marehemu alikuwa balozi, na balozi hasemi lake. Lakini jibu hilo tulilitoa haraka mno, na tangu siku ile limekuwa likitukera. Je, mtu anaweza kuuweka ulimi wake rehani maisha yake yote na bado akawa mtu mwadilifu?

Tuitazame kazi yenyewe. Padre Rugambwa, aliyepewa upadre mwaka 1986, aliingia utumishi wa kidiplomasia wa Vatican mwaka 1991. Akapelekwa Panama, Kongo-Brazzaville, Pakistan, New Zealand na Indonesia, kila mahali miaka michache, kila mahali lugha nyingine na chakula kingine. Sisi tulioondoka nyumbani mara moja tu na bado tunalalamika juu ya unga wa ugali wa hapa, tuna haki gani ya kusema tunaijua safari? Mwaka 2007 akaitwa Roma kuwa Katibu Mkuu Msaidizi wa Baraza la Kipapa lililoshughulikia wahamiaji na watu wasio na makazi maalumu. Mwaka 2010 akawekwa wakfu kuwa askofu mkuu na kutumwa Angola na São Tomé. Mwaka 2015 Honduras. Mwaka 2019 New Zealand na visiwa vya Pasifiki.

Balozi wa Papa ana milango miwili. Mmoja unaelekea ikulu: anapeleka hati za utambulisho, anapeana mikono na rais, awe rais mwema au dhalimu, na katika nchi nyingi ndiye mkuu wa mabalozi wote bila kujali amefika lini. Mlango wa pili unaelekea Roma. Anaandika ripoti juu ya hali ya nchi na ya Kanisa. Jimbo linapohitaji askofu, ndiye anayekusanya maoni kwa siri na kupeleka majina matatu. Tunayoyaona sisi ni ya mlango wa kwanza tu, yaani picha na tabasamu. Ya mlango wa pili hukaa kabatini miongo mingi. Nyaraka za wakati wa Papa Pius XII, aliyefariki mwaka 1958, watafiti walifunguliwa mwaka 2020. Kwa mwendo huo, alichoandika mtoto wa Bukoba akiwa Tegucigalpa mwaka 2018, wakati misafara ya wahamiaji ilipokuwa ikitoka Honduras kwa miguu kuelekea Marekani, huenda kikasomwa na wajukuu wetu.

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Mjini Bujumbura wanajua kwamba methali hiyo haina dhamana: Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa nchini Burundi, Mwairishi aliyekuwa akihangaikia mazungumzo ya amani, alipigwa risasi barabarani huko Minago tarehe 29 Desemba 2003. Kwa hiyo tusidhani kwamba anayenyamaza hadharani hana anachokihatarisha.

Tena upo ushahidi kwamba kimya cha mjumbe kinaweza kufanya kazi. Angelo Roncalli, ambaye baadaye alikuwa Papa Yohane XXIII, alikuwa mwakilishi wa Papa mjini Istanbul wakati wa Vita Kuu ya Pili. Hakusimama sokoni kumlaani Hitler. Alitumia nafasi yake kusaidia Wayahudi wapate karatasi na njia ya kutoka. Angepiga kelele, pengine angefukuzwa nchini, na wale waliokuwa wakimngojea wangebaki bila mtu.

Hapa Afrika Kusini mambo yalikwenda kwa namna yake. Mwakilishi wa kwanza wa Papa aliteuliwa mwaka 1922, lakini alitumwa kwa Kanisa tu, si kwa serikali. Uhusiano wa kibalozi ulianza Machi 1994, wiki chache kabla ya uchaguzi uliomwingiza Mandela. Wazee wa hapa hukumbuka jambo la Septemba 1988. Papa Yohane Paulo II alizizunguka nchi jirani akaiacha hii, lakini ndege yake ikashindwa kutua Maseru kwa hali mbaya ya hewa. Ikabidi itue hapa Johannesburg, uwanja uliokuwa ukiitwa Jan Smuts. Pik Botha, Waziri wa Mambo ya Nje, akaja kumpokea. Papa hakubusu ardhi kama ilivyokuwa desturi yake afikapo nchi mpya. Akapanda gari, akaenda Lesotho kwa barabara. Alirudi Septemba 1995, akapokewa na Mandela. Sisi tunaona kwamba goti lile lisilopigwa lilisema jambo. Lakini mwezi mmoja baada ya siku ile, Oktoba 1988, makao ya Baraza la Maaskofu mjini Pretoria, Khanya House, yalichomwa moto na watu wa dola. Wenye kuchoma walijua ni nani aliyekuwa akiwasumbua: ni wale waliokuwa wakisema kwa sauti.

Basi tungeweza kukatisha hapa na kusema kuna wa kusema na kuna wa kunyamaza, kila mtu na kipaji chake. Na hapa ndipo dhamiri inapotusuta, kwa sababu hoja hiyo tuliwahi kuitumia sisi wenyewe.

Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianza Alexandra tarehe 11 na kusambaa. Watu 62 waliuawa, 21 kati yao raia wa nchi hii wenyewe. Ndugu yetu mmoja, fundi viatu, alichomewa kibanda chake mashariki ya jiji, akapigwa, akaja Yeoville na begi moja. Tulikutana katika fleti ya mwenzetu. Vijana walitaka tuandike kwenye magazeti, tuweke majina yetu. Sisi wenye vibali vya kazi na digrii za nje, wahandisi, wahasibu, daktari mmoja, tukawatuliza. Tukasema tusichochee. Tukasema mambo haya yanahitaji busara, yanakwenda kwa njia za chini kwa chini. Lugha ya kibalozi kabisa! Tukamchangia fundi nauli, akarudi nyumbani kwa basi.

Siku ya kumsindikiza aliwashukuru wote, maana alikuwa mtu wa adabu. Kisha akauliza, "Kaka zangu, mmesema mnayapeleka chini kwa chini. Mmempelekea nani?"

Hatukuwa tumempelekea mtu yeyote. Hakuna barua tuliyoandika, ya siri wala ya wazi. Hakuna mlango tuliobisha. Tulikuwa tumechukua kutoka kwa balozi kile kimya chake peke yake, tukaiacha kazi yake. Balozi ananyamaza uwanjani kwa sababu ana mahali anapolazimika kusema kweli, tena kwa maandishi na kwa jina lake, kwa mtu mwenye uwezo wa kumwuliza. Sisi hatukuwa na aliyetutuma. Na katika chumba kile cha watu kama kumi na watano, kila mmoja alitaka kuwa Rugambwa na hakuna aliyetaka kuwa Hurley.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba mlango wa siri unamtosha anayepigwa. Mtu aliye chini ya fimbo hafarijiki kwa kuambiwa kwamba ripoti yake iko njiani kwenda Roma. Ubalozi bila askofu wa mahali anayesimama na kuonekana unageuka adabu tupu. Na huenda marehemu mwenyewe, katika usiku fulani wa Luanda au Tegucigalpa, aliuona uzito huo kuliko sisi tunaomjadili tukiwa na vikombe vya chai. Mei ile ya 2008 alikuwa Roma, kwenye ofisi ya wahamiaji, na mambo ya Alexandra yalihusu meza yake. Kama fundi wetu angekuwa na mtu wa kumwandikia, mmojawapo alikuwa yule Mbukoba. Hatukulifikiria hilo hata kidogo.

Mwaka huo huo wa 2025, watu wa Operesheni Dudula walikuwa wakisimama kwenye milango ya zahanati za hapa wakiwarudisha wageni, wajawazito wakiwemo. Wiki mbili baada ya ile chai, kijana wa swali alituletea barua ya ukurasa mmoja aliyoiandika mwenyewe, nakala moja ya magazeti na nyingine ya Askofu Mkuu wa Johannesburg. Mistari mitano ya kwanza ya sahihi aliiacha wazi, akasema hiyo ni ya wazee. Mpaka toleo hili linakwenda mtamboni, miwili imejazwa.