Tunatembea Tu

Tulikuwa watu 14 asubuhi ile pale Ruiru, kila mtu na chupa yake ya maji. Mpango ulikuwa kufika Thika kwa miguu, tule nyama choma, turudi na matatu.

Karibu na Juja tulipita machimbo. Vijana wenye vumbi hadi kwenye kope walikuwa wakikata mawe ya Ndarugo, kama yale yaliyojenga ploti ninayokodi. Mmoja akauliza, "Mnaenda job wapi?"

"Hakuna. Tunatembea tu."

Akacheka. "Bure?"

Mbele tukafika kwenye geti la shamba la kahawa. Kiongozi wetu alikuwa ameomba ruhusa mapema, na askari alikuwa na orodha ya majina yetu. Tulimkuta shosho mmoja amebeba kuni mgongoni. Kwake ni ng'ambo ya shamba. Kuzunguka ni saa nzima. Akatuambia kwa sauti ya chini, "Wajukuu wangu, semeni niko na nyinyi."

Askari akatuangalia. Kiongozi akaangalia orodha. Mimi nikaangalia simu. Tukapita.

Tangu siku hiyo najitetea: shamba lina mwenyewe, sheria ni sheria, askari angefutwa kazi. Yote ni kweli. Lakini kuna historia hapa. Kuanzia miaka ya 1920, mwanamume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande ndani ya kikebe shingoni. Mwaka wa 1954, wakati wa Hali ya Hatari, familia za Kiambu na Murang'a zilihamishwa kwa nguvu hadi vijiji vilivyozungushiwa mahandaki, na kutoka kulikuwa kwa saa maalum. Hayo pia yaliitwa sheria, na waliosema "sheria ni sheria" kwa urahisi zaidi ni wale waliokuwa na ruhusa.

Askari alikuwa na kazi ya kupoteza. Sisi tulikuwa na nini? Matembezi ya Jumamosi. Hata kumwombea hatukumwombea.

Siamini kwamba ruhusa ni dhambi. Naamini ni deni: ukifunguliwa geti ambalo mwenzako amefungiwa, angalau una neno la kusema pale getini.

Mwezi ujao tunarudi. Nimemwambia kiongozi kwamba tukimkuta shosho, nitaomba jina lake liongezwe. Wakikataa, nitabeba zile kuni nizunguke naye. Si tulisema tunatembea tu?