Nani Aishuhudie Kazi ya Mganga?

Mtu aliyeumwa nyonga miaka mingi, akatiwa kiungo bandia, akaondoka kitandani akienda kwa miguu yake, husema, "Nimepona." Mganga wake naye husema vivyo hivyo. Je, ndugu wasomaji, ushahidi wa hao wawili watosha? Nasema hautoshi, wala si kwamba wao ni waongo.

Bwana John Charnley, mpasuaji wa mifupa huko Uingereza, aliwatia wagonjwa yapata 300 viungo vyenye kikombe cha tefloni, plastiki iliyo telezi sana. Walitembea, wakashukuru. Kumbe kikombe kilikuwa kikilika, na vumbi lake likaudhuru mwili. Baada ya miaka michache maumivu yakarudi. Bwana huyu hakuficha. Aliwapasua tena, hata akatia vipande vya plastiki ile katika paja lake mwenyewe, apate kujua mwili huipokeaje. Mwaka 1962 akaanza kutumia poliethilini, nayo ikadumu.

Wako watakaomhukumu kwa ajili ya wale 300. Mimi sithubutu, maana hila ya kitu kile haikuonekana ila chini ya uzito wa mtu aendaye siku kwa siku. Lakini kutotaka kujua, hilo ni neno jingine. Mgonjwa aliyeumizwa mara nyingi huenda kwa mganga mwingine, na yule wa kwanza huendelea kuisifu kazi yake kwa moyo safi. Hivyo Amri ya Nane huvunjwa pasipo mtu kusema uongo wo wote!

Kwa hiyo nawasifu watu wa Sweden, walioanzisha mwaka 1979 daftari la nchi nzima, viandikwe humo viungo vinavyotiwa na vinavyotolewa. Daftari la namna hiyo huko Australia lilikishitaki mapema kiungo kilichoitwa ASR, chuma juu ya chuma. Kilipoondolewa sokoni ulimwenguni kote, Agosti 2010, watu yapata 93,000 walikuwa wamekwisha kutiwa. Na daftari la Uingereza lilionyesha ya kuwa katika watu 100, zaidi ya 10 walipasuliwa tena kabla ya kutimiza miaka 5.

Charnley aliwaomba wagonjwa wake ruhusa ya kuvitoa viungo vyao watakapokufa, apime vimelika kiasi gani. Wengi wakakubali, ingawa kipimo hicho hakingewafaa wao cho chote.