Haki ya Kuonja na Kuondoka

Wale nzi wadogo wanaozunguka ndizi iliyoiva jikoni wanaonja kwa miguu. Dume akimkaribia jike, humgusa tumbo kwa mguu wa mbele. Mguu huo una vinyweleo vinavyohisi ladha, na juu ya mwili wa jike kuna mafuta yanayobeba ujumbe. Ladha ikimwambia huyu ni jike wa jamii yake, anatandaza bawa moja na kumwimbia. Ikimwambia ni dume mwenzake, mara nyingi anaachana naye na kwenda zake. Harufu humvuta kutoka mbali, lakini ladha lazima aguse.

Mimi hunivutia hiyo nafasi ndogo baada ya kuonja, pale ambapo nzi bado anaweza kuondoka.

Huku Karurumo, kaunti ya Embu, ambako embe zikiharibika karo ya shule inayumba, anayetusumbua ni binamu yake wa mbali, Bactrocera dorsalis. Asili yake ni Asia, na aligunduliwa Kenya mwaka 2003. Jike hutoboa embe na kutaga mayai, funza wanakula kutoka ndani, tunda linaoza. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza embe katika Umoja wa Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda.

Silaha moja ni mkebe wa plastiki unaoning'inizwa mtini, wenye chambo cha methili eujenoli na dawa ya kuua. Watu husema nzi amedanganywa. Si kweli. Kemikali hiyo ipo kwenye maua na mimea mingi, na dume akiila, mwili wake huigeuza kuwa harufu ya kuwavuta majike jioni. Aliyeila hupata mwenzi kwa urahisi zaidi. Chambo ni cha kweli kabisa, ila akishaonja, hakuna kuondoka.

Hapo ndipo nakwama. Tumezoea kusema ubaya wa mtego ni uongo. Sasa fikiria mikopo ya simu na beti ya bure. Pesa inaingia kweli, tena haraka, na masharti yote yameandikwa. Hakuna aliyedanganywa, ati. Lakini yanasomwa na mtu anayedaiwa kodi ya nyumba leo jioni, na kutoka ni kugumu kuliko kuingia. Hata kwenye mapenzi, aliyekubali kununuliwa chakula hajakubali kila kitakachofuata. Naona basi tunadaiana kitu zaidi ya ukweli: nafasi ya kuonja, kukataa, na kwenda zetu salama.

Je, mikebe itolewe mtini? Mimi ningeiacha. Kunyunyizia shamba zima dawa kunaua hata nyuki, ambaye hajaharibu embe la mtu. Mkebe humlenga zaidi yule dume. Halafu mkulima hawezi kuketi na nzi wakaelewana, na watoto wanangoja karo. Naiacha kwa shingo upande, nikijua ninachofanya: naua kiumbe kupitia kile anachokitamani zaidi.

Lakini mtu ninaweza kuketi naye. Ninaweza kumuuliza, nikangoja ajibu, na akisema hapana nikampisha njia. Nikimnasa kwa shida yake, kusema chambo kilikuwa halali hakutanisafisha.