Nani Humpa Mtu Ukuu?

Meno ya juu yalimtangulia kuota. Kwa Wanguu wa zamani hilo lilitosha kumfanya mtoto kuwa kigego, mtu wa nuksi, na ndugu zake walipopata nafasi walimnyima urithi na kumfukuza. Ndivyo inavyoanza habari ya Mbegha, mwindaji wa nguruwe mwitu kutoka milima ya Nguu, upande ambao leo ni Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Alikimbilia mji wa Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa huko. Kijana yule akafia mawindoni, na Mbegha akatoroka tena. Alipopanda Usambara hakuwa na ukoo wala jeshi. Alikuwa na mbwa, mikuki na nyama ya kugawa. Wenyeji walimpa mazao ya shamba, yeye akawapa nyama na kuwaamulia kesi zao, na mwishowe, mwanzoni mwa karne ya 18, wakamweka Vugha awe mtawala wao. Wakamwita Simba Mwene.

Mtu ni yuleyule, meno ni yaleyale. Kusini ya mto Ruvu, unaopita Korogwe kwenda Pangani, alikuwa balaa; kaskazini yake akawa simba. Basi ukuu wake ulikaa wapi?

Mskoti Thomas Carlyle, katika mihadhara aliyoitoa London mwaka 1840, alidai kwamba historia ya dunia ni habari za watu wakuu tu. Tolstoy wa Urusi alilikataa wazo hilo: kwake Napoleon alikuwa kama anayedhani anaongoza, kumbe anachukuliwa na mkondo wa mamilioni ya watu asiowajua. Kabla yao wote, mwaka 1377, mwanahistoria Ibn Khaldun alikwisha kuandika kwamba utawala husimama juu ya mshikamano wa kundi, wala nguvu za mtu mmoja hazitoshi.

Habari ya Mbegha haimpi ushindi kamili hata mmoja wao. Mshikamano wa ukoo hakuwa nao. Tena pengine kukosa ukoo ndiko kulikomfaa, maana asiye na ndugu mezani hana wa kumpendelea. Koo za Usambara zilihitaji mwamuzi ambaye hakuna ukoo uliomzaa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini ni mwenyeji aliyeamua kwamba mgeni huyu ni dawa. Wanguu walikuwa na mtu huyohuyo nyumbani wakamtupa.

Kuna mkono mwingine humo, nao haufai kusahauliwa: wa msimulizi. Mengi tunayoyasoma kuhusu Mbegha tunayapata kwa Abdallah bin Hemedi, aliyewajua watawala wa Kikilindi, uzao wa Mbegha, kwa karibu na kuandika habari zao kwa Kiswahili. Kitabu chake kilichapwa na wamisionari wa Magila kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Habari zilizotunzwa karibu na ikulu haziwezi kumfanya mwanzilishi wa ikulu kuwa mtu wa kawaida, na msomaji asiyelikumbuka hilo atadhani Wasambaa walikuwa wakimsubiri Mbegha tu, hawana lao.

Mzao wa ukoo huo, Kimweri ye Nyumbai, aliitawala milima na nyanda mpaka kukaribia bahari. Mmisionari Krapf alimtembelea mwaka 1848, wasafiri Burton na Speke wakamkuta mzee mwaka 1857. Alifariki mwaka 1862, na mwanawe Semboja akaigeuza hesabu yote. Semboja hakukaa Vugha. Alikaa chini, Mazinde, katika Korogwe ya leo, penye njia ya misafara ya kwenda Kilimanjaro. Enzi ya baba yake ilisimama juu ya uganga wa mvua na kodi. Yake ilisimama juu ya bunduki na baruti zilizopanda kutoka Pangani. Akamng'oa Vugha mrithi halali, Shekulwavu, akamweka mwanawe mwenyewe.

Hapa Tolstoy angecheka: mkuu ni Semboja au ni barabara? Jibu la haki ni kwamba barabara ilipita mbele ya wengi, na aliyeitambua mapema ni mmoja. Werevu huo ni wake. Lakini vita alivyovianzisha vilifanya watu kukamatwa na kuuzwa, nchi ikasambaratika, na alipofariki mwaka 1895 Wajerumani walikwisha kushika milima. Reli yao kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905, ikifuata nyanda zilezile. Kuiona njia ya wakati wako ni akili. Kuiita ukuu ni kumpa mtu zaidi ya stahili yake.

Kifo nacho huongeza sifa. Abushiri, aliyepigana na Wajerumani, alinyongwa Pangani Desemba 1889, na kila mwanafunzi anamjua. Bwana Heri wa Saadani, Mzigua, alipigana na Wajerumani haohao, akasalimu amri mwaka 1890 akiwa hai, na jina lake husomwa harakaharaka.

Halafu yupo Wanankhucha. Hana picha, hana kaburi linalojulikana, hakuna mzungu aliyemtembelea. Katika karne ya 19, wakati wa njaa, Wazigua wengi walichukuliwa kutoka pwani hiyo wakauzwa kusini mwa Somalia. Masimulizi ya wajukuu wao humtaja mwanamke huyo kuwa ndiye aliyewaongoza kutoroka utumwani, wakitaka kurudi kwao. Hawakufika. Walikomea kwenye misitu ya mto Juba, wakalima, wakajilinda, wakaendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao waliingia Tanzania, wakawekwa kambi ya Mkuyu, Handeni, na mwaka 2003 wakahamishiwa Chogo, ambako walipewa ardhi na wengi wao uraia.

Wanankhucha hakuacha kiti cha kurithiwa wala kitabu cha kumsifu, lakini watu waliendelea kuwa watu kwa sababu aliondoka nao. Kwa kipimo hicho anamzidi Semboja kwa mbali, na huenda anamzidi hata Mbegha. Wajukuu hao wako Chogo leo, na lugha wanayoizungumza inaeleweka sokoni Handeni. Walimu wa historia wa Handeni na Korogwe wanaomtafutia mwanafunzi mfano wa mtu mkuu wampeleke kwa wazee wa huko, na daftari, mapema.