Askari Aliyerudi Nyumbani

Kila tunapokaribia Meza ya Bwana twakiri kwamba hatustahili aingie kwetu. Ni wangapi kati yetu tukumbukao ya kuwa maneno hayo asili yake ni kinywa cha askari? Ndiye yule akida wa Kafarnaumu, aliyemwombea mtumishi wake mgonjwa. Na Bwana wetu aliistaajabia imani yake.

Twamkumbuka akida huyo tuwatazamapo wazee fulani wa Ngara na Biharamulo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi yetu kaskazini ya mto Kagera, yakaua, yakapora, yakalivunja daraja la Kyaka. Jeshi letu la kudumu halikutosha. Wakaitwa polisi, askari wa magereza na wanamgambo. Wengi walikuwa wakulima tu, waliotolewa migombani. Walikwenda, wengi wao kwa miguu, hata Kampala ikatwaliwa tarehe 11 Aprili 1979.

Wenzao wengi waliokufa wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka mashujaa wake. Hiyo ni haki. Lakini yule aliyerudi? Alilishika tena jembe lake, akanyamaza. Leo ni mzee. Ngurumo ya radi humshtua, watoto wakacheka. Akizidisha pombe, wakubwa humwita mlevi, wala hapana aliyemwuliza aliyaona nini.

Nasi mapadre tujihukumu. Twawaombea marehemu wa vita. Je, tumeketi mara ngapi na walio hai? Vita, hata iwe ya haki, huacha jeraha rohoni. Aliyeua akiilinda nchi yake huenda angali abeba mzigo asioweza kuutua peke yake. Kumwambia asahau si dawa. Yampasa padre amsikilize bila haraka, na jamaa zake vilevile.

Akida alitoka kumwombea mtumishi wake. Leo askari ndiye mgonjwa. Nani atakayetoka kwa ajili yake? Wazazi, Jumapili hii baada ya Misa Takatifu, mketisheni mzee huyo penye kivuli, na wajukuu wakae karibu naye, wamwulize: “Babu, ilikuwaje?” Kisha msikilizeni. Naye asiposema neno, kaeni naye vivyo hivyo. Amri ya Nne yatudai hayo angali hai, si siku ya maziko yake.